Wenye vigari vya chuma vya katuni za zamani: naomba tusivipake rangi upya

#1 Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, salamu kutoka mwisho wa reli.

Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie nikirefusha. Nakusanya vigari vidogo vya chuma vya kuchezea, na humo nimejichagulia kundi moja tu: vile vya wahusika wa katuni za televisheni, vya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Popeye, Tom na Jerry, Pink Panther, Mickey na wenzake. Ninavyo 23. Karibu vyote nimevitoa kwenye mitumba ya hapa Kigoma na ya Tabora. Viwili tu ndivyo nilivyoagiza nje.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea fundi mmoja gari la zimamoto la Mickey Mouse, la chapa ya Matchbox ya Uingereza, aninyooshee ekseli ya mbele iliyokuwa imepinda. Nilipolifuata jioni nikakuta ekseli imenyooka, na gari zima limepulizwa rangi nyekundu ya pikipiki, linang'aa. Fundi anatabasamu. Alikuwa amenifanyia hisani, hata nyongeza hakutaka. Nikamlipa, nikamshukuru, nikatembea nalo hadi nyumbani nimelishika kwa magurudumu, kwa sababu rangi ilikuwa bado inanata.

Rangi ile imemeza mistari yote midogo ya bodi. Imejaa kwenye herufi za tumboni, yaani upande wa chini wa gari, husomi kitu. Michubuko aliyoiweka mtoto fulani miaka arobaini iliyopita, pale alipokuwa akiligonga ukutani, haionekani tena. Simlaumu fundi, sikumwambia. Ndiyo maana nawaambia ninyi.

Niwaeleze nilivyoingia humu. Mwaka 2011 pale soko la Mwanga, muuza mitumba mmoja alikuwa amefungua fuko la vitu mchanganyiko: vibanio, mikanda, midoli isiyo na vichwa. Katikati ya vile nikaona kitu cha njano na chekundu, kizito kuliko ukubwa wake. Nilipokigeuza nikakutana na baharia mwenye mikono minene, kiko mdomoni. Popeye! Nilihisi kama nimekutana na jirani wa zamani ugenini. Nilikilipia shilingi 1,500 bila kuomba kupunguziwa.

Watu wa umri wangu mtanielewa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vilianza mwaka 1994. Sisi watoto wa Kigoma Popeye tulimjulia kwenye banda la video: mikanda, deki, jenereta nje linanguruma hadi sauti ya katuni haisikiki. Na haikuharibu kitu. Tom na Jerry hawahitaji maneno.

Kile kigari baadaye nikakijua: ni Corgi, namba 802, kilitoka mwaka 1969. Corgi ilikuwa chapa ya kampuni ya Mettoy, ikitengenezwa Swansea, huko Wales. Ni gari lililochanganywa na meli ya makasia: lina mabomba mawili ya moshi, na juu wamepanda Popeye, Olive Oyl, Bluto na Wimpy. Nyuma kabisa kuna kimtumbwi ambamo anakaa mtoto, Swee'Pea. Changu Wimpy hayupo, na kimtumbwi hakipo. Rangi ya njano imechubuka pembeni mwa mlango wa kushoto tu, tena kwa mpangilio, michubuko minne iliyolingana. Nimekaa na hiyo michubuko jioni nyingi. Ukikiweka mkononi kama mtoto anayekisukuma kwenye sakafu, vidole vinne vinaangukia pale pale.

Hicho ndicho kinachofutwa na rangi ya kopo.

#2 Mdau wa Kasulu

Mkuu uzi mzuri, picha ziko wapi? Halafu swali. Mimi ninacho kimoja cha Donald Duck, sijui ni buggy au nini, kimeanza kutoa unga mweupe chini. Kinaoza? Jamaa ameniambia ni ugonjwa, nikitenge na vingine visiambukizwe.

#3 Mleta uzi

Picha nitaziweka umeme ukirudi, simu iko asilimia nne.

Hilo la unga nalijibu kwa kirefu maana linawasumbua wengi. Kwanza tunaviita vya chuma, lakini si chuma. Ni zinki iliyochanganywa na alumini, kama asilimia nne hivi, na magnesi na shaba kidogo. Waingereza huuita mchanganyiko huo mazak. Unayeyuka chini ya nyuzi 400, kwa hiyo unasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu la chuma la vipande viwili, unaganda, kalibu linafunguka, kimetoka. Ukikitazama vizuri utaona mstari mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Jaribu na sumaku, hata ya spika mbovu: bodi haishikwi, ekseli zinashikwa. Sumaku ikidaka bodi nzima, hicho ni cha bati.

Sasa unga mweupe. Zinki ikikaa na unyevu inatoa ule unga juu juu, na sisi wa kando ya ziwa tunaujua unyevu. Ukiufuta kwa kitambaa kikavu na chini pako salama, shukuru, kihamishie pakavu. Ugonjwa wenyewe ni mwingine. Ukitengenezwa mchanganyiko wenye zinki chafu, iliyoingiliwa na madini ya risasi au ya bati kidogo tu, kigari kinaanza kupasuka kutoka ndani. Utaona nyufa nyembamba kama za udongo wa mbugani wakati wa kiangazi, bodi inavimba, mwisho inamomonyoka mkononi. Huo hauna dawa. Ulivipata zaidi vile vya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Vya miaka ya 1960 na 1970 ni nadra. Na hauambukizi! Kigari kinazaliwa nao. Donald wako muache akae na wenzake.

Tazama nyufa kwenye nguzo zinazoshika ekseli, huanzia sehemu nyembamba. Hapo ndipo unapoona ubaya mwingine wa kupaka rangi upya: inaziba nyufa. Mtu anauziwa maiti iliyovishwa suti.

#4 Mdau wa Tabora

Mwangaluka wana Kigoma.

Mleta uzi, nimekusoma mara mbili na nakuheshimu, ila sikubaliani. Mimi nimekulia kota za reli hapa Tabora, marehemu mzee alikuwa karakana. Behewa likichubuka linapigwa msasa, linapakwa, linarudi njiani. Nilivyofundishwa, kuacha kitu kikachakaa ukikiangalia ni uvivu. Rangi ni heshima.

Nina Volkswagen ya Goofy, ya Matchbox. Mzee aliletewa zawadi na mtu wa reli aliyetoka Dar es Salaam, tukaichezea ndugu watano. Leo haina rangi hata punje, ni zinki tupu ya kijivu, Goofy mwenyewe pua imeliwa. Unaniambia niiache hivyo? Watoto wangu wanaiona wanadhani ni kipande cha injini.

#5 Mleta uzi

Kaka, nimefurahi umekuja, kwa sababu hoja yako ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Behewa linapakwa kwa kuwa bado lina kazi. Rangi inalikinga na mvua ili kesho libebe abiria. Kigari cha Goofy kazi yake kilishaimaliza, tena kwa ndugu watano. Sasa kimebaki shahidi.

Halafu kuna suala la rangi yenyewe. Ya kiwandani ilipulizwa nyembamba na kuchomwa kwenye tanuri ikaganda kama enameli, ndiyo maana mistari ya mlango na boneti inaonekana. Ya kopo ni nene. Utapata umbo la gari, lakini ile sura utaipoteza.

Ila nakubali jambo moja. Chako kimebaki zinki tupu, hakuna cha asili kilichobaki juu cha kukifunika. Ukitaka kukipaka, siwezi kukukataza. Ninachoomba: usiguse tumbo, na ndani ya bodi, pasipoonekana, andika kwa kalamu isiyofutika kwamba kimepakwa upya, na mwaka. Atakayekirithi au kukinunua ajue. Kuuza kilichopakwa ukisema ni cha kiwandani ni dhuluma, na inafanyika sana. Kimoja kati ya vile viwili nilivyoagiza kilikuja hivyo hivyo. Muuzaji aliandika ni rangi ya asili, kumbe ribiti za tumboni zilikuwa zimetobolewa na kubandikwa kwa gundi.

Maana vigari vingi vya zama hizo tumbo hushikwa na ribiti, ncha ya bodi yenyewe iliyopondwa ikatanuka. Ili kupaka vizuri lazima utoboe ribiti, utenganishe bodi na tumbo. Kwa hiyo wewe unayenunua, kabla ya kutazama uso tazama ribiti. Ikiwa laini na yenye mng'ao wa zamani, kigari hakijafunguliwa. Ikiwa na tundu katikati, gundi, au skrubu ya kisasa, uliza maswali.

#6 Mdau wa Ujiji

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mwanamke, na nakusanya pia, msishangae. Mama yangu ameuza mitumba Ujiji tangu sijazaliwa. Vitu vidogo vilivyodondoka kwenye mabalo alikuwa anaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, vifungo na vyuma vya mikanda, ili mteja akikosa kifungo apate.

Naomba mleta uzi aeleze kusoma tumbo. Wengi tunaangalia mwaka tunashangilia.

#7 Mleta uzi

Dada karibu sana, na mama mpe shikamoo yangu.

Hilo ndilo kosa kubwa. Mwaka ulioandikwa tumboni mara nyingi ni mwaka wa haki ya mchoro au wa kalibu, si mwaka kigari kilipotoka kiwandani. Kalibu moja linaweza kutumika miaka mingi. Kwa hiyo mwaka unakwambia kigari hakiwezi kuwa cha zamani kuliko hapo, basi.

Anza na jina. Ukiona Lesney, hao ndio waliokuwa wenye Matchbox, London. Jina lenyewe ni la marafiki wawili walioanza mwaka 1947, Leslie na Rodney, wakaunganisha majina yao. Fundi wao Jack Odell ndiye aliyekuja na wazo la udogo: shule ya binti yake iliruhusu mtoto kuja na kitu kinachotosha ndani ya kiberiti tu, baba akamchongea shindilia, yaani gari la kushindilia barabara, la shaba ya njano, dogo vile. Kutoka hapo ndipo Matchbox, yaani kasha la kiberiti. Kampuni ilianguka mwaka 1982, ikanunuliwa, kwa hiyo Lesney tumboni ni dalili ya kabla ya hapo.

Tazama nchi. Mfululizo wa Disney wa Matchbox, ulioanza mwaka 1979, ulitengenezwa Hong Kong ingawa kampuni ilikuwa ya Uingereza. Ule wenye zimamoto la Mickey, buggy la Donald na Volkswagen ya Goofy. Baadaye kidogo wakatoa na watatu wa Popeye: gari la mchicha la Popeye mwenyewe, shindilia la Bluto, na gari la michezo la Olive Oyl. Sasa mtu akikwambia gari lake la Mickey la Matchbox ni feki kwa sababu tumboni pana Hong Kong, mwambie atulie. Hapo ndipo nyumbani kwake.

Corgi wakubwa tafuta Uingereza tumboni. Corgi wadogo, waliitwa Juniors, wana Tom kwenye kigari cha mashindano na Jerry aliyekalia mzinga wenye magurudumu. Huyo Jerry nampenda kupita kiasi. Wangu mzinga umebaki, Jerry mwenyewe sikio moja limekatika, na bado uso una ile hali ya mtu anayejua paka amesimama wapi.

Dinky, chapa nyingine ya Uingereza, walitoa gari la Pink Panther, namba 354, mwaka 1972. Refu, la waridi, katikati lina gurudumu kubwa ambalo ulilizungusha kwa utepe wenye meno: unaupitisha, unauvuta kwa nguvu, unaliachia linakimbia lenyewe. Utepe ndio unaopotea kwanza. Ukikuta kwenye mitumba utepe wa plastiki wenye meno mafupi upande mmoja, usiutupe, kuna mtu mahali analitazama gari lisilokimbia.

#8 Mdau wa Uvinza

Hizi kampuni zilipotelea wapi zote? Na mtoto wangu wa miaka mitatu anaweza kuchezea hivi?

#9 Mleta uzi

La mtoto kwanza. Usimpe. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na mtoto wa miaka mitatu kila kitu kinapita mdomoni. Vipande vidogo navyo vinanyofoka. Vyangu viko rafu ya juu. Mjukuu wa dada yangu nimemfungia gari la waya lenye magurudumu ya kandambili, usukani mrefu wa kushika amesimama, na naapa hatazami kabati hata mara moja.

Kampuni: zilianguka kama miembe mitatu katika upepo mmoja. Kiwanda cha Dinky, barabara ya Binns, Liverpool, kilifungwa Novemba 1979. Lesney 1982. Mettoy, wenye Corgi, 1983. Miaka minne, wakubwa watatu wa Uingereza wamekwisha. Uchumi wa kwao ulikuwa umebana, kutengeneza Mashariki ya Mbali kulikuwa rahisi zaidi, na watoto walianza kutaka michezo ya elektroniki. Majina yalinunuliwa na wengine, hadi leo utaona Corgi na Matchbox dukani. Lakini wale waliokaa Swansea wakampaka Popeye macho kwa brashi, kazi yao iliishia hapo. Kilichobaki ni hivi tulivyonavyo sisi kwenye makopo ya vifungo.

#10 Mdau wa Tabora

Sasa nimekuelewa zaidi. Jana usiku nilimtoa Goofy nikamgeuza. Tumboni pana Lesney, na Hong Kong, na pembeni kuna mikwaruzo ya msumari. Nilidhani ni uchafu. Nimemwosha kwa mswaki na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kama nilivyosoma kwingine humu. Ni mistari mitano. Tulikuwa tunagombania zamu, kila mmoja alikuwa na mstari wake, kaka mkubwa ndiye aliyekwaruza. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Bodi nitaipaka, bluu. Tumbo silioshi tena wala siligusi.

#11 Mleta uzi

Kaka, andika ndani majina yote matano. Na ukimaliza kumwosha umkaushe vizuri kwenye ekseli, huko ndiko kutu inakoanzia. Yale mapakiti madogo ya kufyonza unyevu yanayokuja kwenye masanduku ya viatu vipya, usitupe, yaweke kwenye boksi lake. Tabora ni pakavu kuliko kwetu lakini masika haichagui.

#12 Mdau wa Ujiji

Kaka mleta uzi, ule mtumbwi wa Swee'Pea ni wa rangi gani? Nauliza kwa sababu kwenye kopo la mama kuna kimtumbwi cha plastiki cha bluu, urefu kama nusu kidole, chini kina pini. Miaka yote tulidhani ni cha pambo la keki.

#13 Mleta uzi

Bluu! Dada tafadhali kisitoke nyumbani. Kesho nakuja Ujiji.

#14 Mleta uzi

Nimerudi sasa hivi. Nimepokelewa vizuri mno, mama amenipikia ugali na migebuka ya mawese kabla hajanionesha chochote, akasema mambo ya midoli hayazungumzwi na njaa. Kisha akamimina kopo zima juu ya mkeka. Vifungo kama elfu. Akakitoa kwa mkono mmoja bila kutafuta, anajua kila kilipo.

Ni bluu, ni kizuri, kina viti viwili vya kuchongwa ndani. Nilikuwa nimebeba kigari changu kwenye kitambaa. Tukasogea mlangoni penye mwanga, mimi, dada na mama. Nikakiweka juu ya tundu.

Pini ni nene. Tundu la kwangu ni dogo kwa kama milimita moja. Tukageuza, tukajaribu upande wa pili. Ni cha kitu kingine. Mama akasema subiri nikuletee kiwembe, uparue kidogo tu, kitaingia. Na kweli kingeingia.

Nikamwomba akirudishe kwenye kopo kama kilivyo. Kuna gari au meli mahali inayokikosa hicho. Mwenye chombo chenye tundu la milimita kama nne nyuma, na sehemu ya kimtumbwi cha bluu, aseme hapa. Kiko Ujiji, kimehifadhiwa.